Maneno ya Chumba cha Chai

Bibi wa kitanda cha tatu alimshika Mama Pacha mkono, akamshukuru kwa jambo ambalo Mama Pacha hakulitenda.

"Kile kitambaa cha moto, mwanangu, Mungu akubariki. Nimekiweka mkononi kama ulivyoniambia, na yule daktari kijana kaupata mshipa mara moja. Siku zote wananichoma kama wanashona gunia."

Mama Pacha akacheka, akamwambia haina shida bibi, akasogea kitanda cha nne na kipimajoto chake. Alipofika cha saba ndipo mkono ulipomsita. Ushauri ule ulikuwa wake kweli: kitambaa kilichochovywa maji ya moto, dakika tano juu ya mkono, mshipa unajitokeza wenyewe. Lakini hakumpa bibi. Alimpa muuguzi mgeni, yule aliyehamishwa kutoka wodi ya wazazi, jana yake saa nane mchana, ndani ya chumba cha chai, mlango ukiwa umefungwa.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya wodi ya wanawake. Kilikuwa stoo ya mashuka mpaka miezi mitatu nyuma, Matroni alipowahurumia wauguzi wake akawapa. Ndani kulikuwa na birika la umeme, viti vinne, na meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa plasta kama mgonjwa. Saa nane, zamu ya asubuhi inapokabidhi zamu ya jioni, ndugu wa wagonjwa wameshaondoka na wodi nzima imelegea kwa joto, wauguzi walikaa humo dakika ishirini wakaambiana mambo ambayo chuoni hayafundishwi. Vaa viatu vikubwa kidogo, maana jioni mguu unavimba. Usimwinue mgonjwa kwa mgongo, piga magoti kwanza. Ukienda kumwambia mtu kwamba mama yake amefariki, usisimame. Kaa, sema neno lenyewe, usizunguke. Mgonjwa mkali ni mgonjwa mwenye hofu. Na ukifika nyumbani, oga kabla hujamshika mtoto, si kwa ajili ya vijidudu tu, ni kwa ajili ya vilio vya watu ulivyorudi navyo.

Mengi ya hayo yalitoka kwa Mama Pacha, aliyekuwa na miaka kumi na mitano kazini. Vichekesho vilitoka kwa Bwana Shuka, mwanaume pekee katika wodi, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotandika kitanda hadi mgonjwa akilala anateleza. Na kwa kuwa mlango ulifungwa na miguu ilikuwa inauma, waliteta pia. Walisema nani ananuka, nani ana ndugu wasumbufu, nani hatafika mwisho wa wiki.

Siku zilizofuata, mgonjwa mmoja alisema nesi kamkataza kunywea chai vidonge vya kuongeza damu. Mwingine alifundishwa kulalia ubavu wa kushoto, na kichefuchefu kikapungua. Wote walielezea nesi aliyekuja mchana, walipokuwa wamesinzia, akaongea kwa upole.

"Ni wewe?" Mama Pacha alimuuliza mgeni.

"Mimi? Saa nane mimi naiona meza hii na kikombe hiki, basi. Labda Bwana Shuka anatafuta cheo."

"Cheo cha nini?" alisema Bwana Shuka. "Mshahara wenyewe unaujua."

Wakacheka, yakaisha. Hakuna aliyetaja harufu, ingawa kila mmoja wao alikuwa ameshainusa: harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika ndani ya chupa, ikipita kwenye kijia cha wodi mchana wa jua kali. Wala hakuna aliyetaja mlio wa viatu vya raba sakafuni, pale ambapo hapakuwa na mtu anayetembea.

Kitanda cha kumi na moja alilala mwanamke waliyemwita Mwalimu, maana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hata kitandani alisahihisha sarufi ya madaktari. Figo zilimsumbua. Alikuwa amevimba uso, lakini kila asubuhi aliuliza mkojo wake umefika kiasi gani, kama mtu anayeuliza matokeo ya mtihani.

Alhamisi moja, chai ikiwa mkononi, mgeni aliuliza anaendeleaje.

"Yule?" Bwana Shuka akapuliza kikombe chake. "Ningekuwa mumewe, ningeanza kuita watu."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa uchovu, na wenzake wakaguna kwa uchovu vilevile. Kisha yeye na Mama Pacha wakatoka pamoja, wakatembea hadi kituoni, wakapanda basi moja.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta. Dawa alizikataa. Kifungua kinywa kilipoa pembeni.

"Mwalimu, vipi leo?" Mama Pacha aliinama. "Hutaki hata kujua mkojo umefika wapi?"

"Wa nini? Kaka yenu kaniambia ukweli." Macho yake yalikuwa makavu. "Jana, mlipoondoka. Aliinama hapa, karibu kabisa na sikio. Akasema angekuwa mume wangu angeanza kuita watu. Basi naomba mumpigie mume wangu, aite watu."

Mama Pacha alikaa pale kitandani muda mrefu. Alimwambia si kweli, alimwambia vipimo vinaonyesha nafuu, alimletea daktari na karatasi. Mwalimu alisikiliza yote kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtoto anayejitetea, kisha akarudisha uso ukutani. Jumapili alfajiri alifariki.

"Sielewi," daktari alisema, akiwa bado ameshika faili. "Figo zilikuwa zimeanza kurudi. Ni kama alijiachia tu."

Siku hiyo hawakuingia chumba cha chai. Walisimama nyuma ya jengo, katikati ya kamba za kuanikia mashuka, wakaongea wakitazama huku na huku.

"Niambie mbele yake," Bwana Shuka alimnong'oneza Mama Pacha. "Mwambie mgeni. Nilikuwa na nani saa ile?"

"Na mimi. Kwenye basi. Mpaka mlangoni kwako."

"Sasa ni nani aliyemwinamia?"

"Sauti ilikuwa yako," mgeni akasema polepole. "Mama wa kitanda cha kumi aliisikia. Anasema hakuona mtu, pazia lilikuwa limevutwa. Aliona viatu tu chini ya pazia. Anasema havikugusa sakafu vizuri."

Shuka moja lilipigwa na upepo, wote watatu wakaruka.

Hapo ndipo mgeni alipomtazama Mama Pacha, kisha haraka akatazama chini, na Mama Pacha akajua anakumbuka nini.

Kitanda cha tisa, tangu Jumatano, alilala mdogo wake mwenyewe.

Walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa na miaka ishirini na minne na ugonjwa wa selimundu, na tangu mama alipokufa Mama Pacha ndiye aliyemlea, sawa na wale pacha wake mwenyewe: kumkanda viungo, kumkimbiza hospitali, kumnywesha maji glasi kwa glasi maumivu yanapomshika, kukosa harusi, kukosa usingizi, kukosa kila kitu. Mwezi uliopita, baada ya juma zima la namna hiyo, alikaa kwenye kile kiti cha dirishani katika chumba cha chai, akalia mbele ya mgeni, akasema: "Nimechoka naye. Nimechoka. Kuna siku natamani aende tu, tupumzike sote."

Mgeni alimshika mkono, akamwambia kila mwenye mgonjwa wa muda mrefu hulisema hilo siku moja, na wala si dhambi. Ulikuwa ushauri mzuri. Mlango ulikuwa umefungwa.

Bwana Shuka alikuwa na shangazi, fundi cherehani, ambaye watu walimletea nguo mchana na jioni wakamletea mambo mengine. Alikuja Jumatatu saa ya kutazama wagonjwa, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, mkoba wake ukinuka ubani. Matroni alimzuia mlangoni.

"Sina ugomvi na wewe, mama," alisema Matroni, "wala sitauliza umekuja kufanya nini. Lakini humu tuna mitungi ya oksijeni. Ukiwasha kitu, tutaruka sote, na huyo unayemfuata abaki peke yake."

"Basi moshi wangu nitarudi nao," Shangazi akajibu. "Nipeni maji na chumvi."

Aliingia chumba cha chai peke yake, akafunga mlango. Wao walibaki nje wakisikia birika, ambalo halikuwa limechomekwa ukutani, likianza kuunguruma, likichemka, likinyamaza. Alipotoka, jasho lilikuwa limemtanda juu ya mdomo.

"Sijui katoka wapi," alisema kwa sauti ya chini, "na sikumuuliza, maana ukimuuliza unampa neno jingine. Wapo wanaopenda damu, wapo wanaopenda manukato. Huyu anapenda maneno. Alianza kugawa ushauri wenu kwa sababu ndio mliompa. Baadaye mkamwekea na mengine, akaonja, akaona haya ndiyo matamu."

"Mengine yapi, Shangazi?" Bwana Shuka aliuliza, ingawa alijua.

"Yale mnayomsema mtu na hamuwezi kuyarudia mkimtazama machoni. Fungeni chumba. Kisha kila aliyesema neno alibebe mwenyewe, alifikishe kwa mwenye nalo, uso kwa uso. Likishafika kwa kinywa kilicholitoa, yeye hana tena mzigo wa kumtembeza."

"Na kama mwenye nalo hayupo tena?"

Shangazi alimnyoosha mpwa wake kola ya koti jeupe, kama anamwandaa kwenda shule. "Nenda kwa watu wake, mwanangu. Zaidi ya hapo sijui."

Walianza siku ileile. Mgeni alimwendea bibi wa kitanda cha tatu, akakiri kwake kwamba aliwahi kusema ananuka. Bibi akacheka hadi meno yote mawili yakaonekana, akasema ni kweli, na kama anaona hivyo si amwogeshe. Bwana Shuka alikwenda nyumbani kwa marehemu. Alimkuta mume uani, akifua sare za watoto watatu kwenye beseni. Alimweleza yote amesimama, kiti hakupewa. Yule mume alisuuza soksi ya mwisho, akaikamua, akaianika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, kaka."

"Haya. Nenda."

Akaenda.

Mama Pacha hakusema kitu. Alijiambia atasema Kitinda akipata nafuu, maana unamwambiaje mtu jambo kama lile akiwa anasaga meno kwa maumivu? Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Lakini nafuu haikuja. Midomo ya Kitinda ilipasuka kwa ukavu, ingawa jagi lilijazwa kila saa na kila saa lilikutwa tupu. Dripu ilidondoka polepole mno. Mama Pacha aliifungulia, akirudi anaikuta imebanwa. Na Kitinda, aliyezoea kumtania dada yake tangu mbali, sasa alimtazama kwa upole wa ajabu, upole wa mtu aliyeshaaga.

"Nani anabana dripu hii?" Mama Pacha aliuliza.

"Dada, usijali," Kitinda akasema, akafumba macho.

Alhamisi saa nane mchana Mama Pacha alikuwa kwenye kabati la dawa, ufunguo mkononi, aliposikia harufu ya yale maji ya maua, nzito kuliko siku zote, kiasi kwamba aliionja ulimini, na nyuma yake viatu vya raba vikapita vikilia nyii, nyii, nyii, bila haraka, vikielekea upande wa kitanda cha tisa, naye hakugeuka kwa sababu shingo ilikataa, akahesabu hatua zile kama anavyohesabu mapigo ya mgonjwa, mpaka zikakoma na pete za pazia zikakwaruza kwenye fimbo yake. Kisha akaisikia sauti. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Si ya kuigwa kama mtu anayemwigiza mwenzake, ilikuwa yake kabisa, na kile kikwazo kidogo cha koo alichokuwa nacho tangu utotoni, ikisema kwa huruma ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kusemea: "Usinywe, mdogo wangu. Mwaga tu kwenye beseni. Bana na dripu. Nimechoka nawe, nimechoka. Uende tu, tupumzike sote."

Na Kitinda akajibu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kubaliana: "Ndiyo, dada."

Hakujua alifikaje. Alijua tu kwamba mkono wake ulikuwa kwenye pazia, na kwamba pazia lilikuwa baridi na majimaji kama kitambaa kilichotolewa kisimani, na kwamba alilivuta kwa nguvu zote, na mbele yake, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, alikuwepo mwanamke mwenye gauni jeupe, mwenye doa la wino mfukoni kiunoni kama lake, mwenye nywele zilizofungwa jinsi alivyozifunga yeye asubuhi ile mbele ya kioo huku pacha wakigombea mswaki, na mkono wa mwanamke yule ulikuwa umelala juu ya nywele za Kitinda ukizichezea, na vidole vilikuwa virefu kidogo, kidogo tu, kuliko vidole vya mtu.

Kitinda aliinua macho. Akamwona dada yake amesimama, akamwona dada yake amekaa.

"Mdogo wangu," Mama Pacha akasema, na yule aliyekaa akasema vilevile, pamoja naye, neno kwa neno: "Mdogo wangu."

Alishika chuma cha kitanda.

"Nilisema nimechoka nawe," wakasema wote wawili, sauti moja kutoka vinywa viwili. "Nilisema kuna siku natamani uende tu, tupumzike sote."

Machozi yalimtoka Kitinda pembeni. Yule aliyekaa alitikisa kichwa kwa kuridhika, na bega lake likaanza kugeuka, taratibu, na Mama Pacha akaona kwamba akigeuka kabisa atamwona uso, na kwamba akimwona uso hatasema tena kitu maishani mwake. Akazidi kusema, haraka, lolote lililokuja.

"Nililisema mimi. Si mwingine, ni mimi, kwa kinywa hiki, nililisema nikiwa nalia. Na kuna mengine sikuyasema kule."

Safari hii sauti ilikuwa yake peke yake. Bega lilikoma.

"Sikusema kwamba usiku nikiamka nakuja mlangoni kwako kusikiliza kama unapumua. Kila usiku, Kitinda. Nikisikia unapumua narudi kulala, nikiwa na hasira na furaha pamoja. Sikusema nilimwahidi mama, na naogopa kumwangusha kuliko ninavyoogopa kufa. Sikusema namuonea wivu kila mtu ambaye mdogo wake ana afya. Nimechoka, ndiyo. Sitaki uende. Yote mawili ni kweli, na sijui kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia mtu baki kuliko kukwambia wewe."

Yule aliyekaa alifungua kinywa. Walisikia kinavyofunguka, mlio kama wa mlango wa stoo uliovimba kwa unyevu, lakini hakikutoka neno. Kilitoka hewa tu, ile harufu, pumzi baada ya pumzi. Kisha kitanda kikainuka kidogo, kama mtu amenyanyuka, na ukingoni pakawa hapana mtu.

Viatu vililia kwenye kijia, kwa haraka sasa. Wagonjwa wote wa upande wa kushoto waligeuza vichwa kwa pamoja, kitanda hadi kitanda, wakimsindikiza kwa macho mtu ambaye Mama Pacha hakumwona. Mlango wa mwisho ukajibamiza. Bibi wa kitanda cha tatu akauliza, katikati ya kimya, kama yule nesi amefukuzwa kazi.

Mama Pacha alifungulia dripu. Alimwaga nusu ya glasi alipoishika mdomoni mwa Kitinda.

"Siku zote tatu nilidhani ni wewe," Kitinda alisema alipoweza kusema. "Nikasema basi, kama dada mwenyewe kasema. Na mimi nikamwambia mambo."

"Mambo gani?"

Kitinda alikunywa kwanza. "Nitakwambia. Nikitoka humu."

Chumba cha chai kilifungwa kwa kufuli, na Matroni akaandika kwenye daftari lake kwamba sakafu ina unyevu. Wauguzi waliendelea kupeana ushauri, lakini nje, kwenye kamba za mashuka, na mtu akianza kumsema mgonjwa, mwenzake humkatiza: kamwambie mwenyewe. Harufu haikurudi wodi ya wanawake. Bwana Shuka aliomba uhamisho, akapelekwa chumba cha upasuaji, ambako wagonjwa wako usingizini. Kazi anaifanya vizuri. Ila huweka pamba masikioni, na ukimuuliza sababu husema ni kelele za mashine. Mama Pacha alimtembelea huko mara moja. Mashine zilikuwa zimezimwa. Bwana Shuka alikuwa peke yake akipanga vifaa, na alikuwa anamjibu mtu, kwa sauti ndogo: "Nimeshakwenda. Nilikwenda kwa mumewe. Unataka niende wapi tena?"

Kitinda aliruhusiwa baada ya siku tisa. Walitembea pole pole hadi getini, Mama Pacha kabeba mfuko wa nguo, na njiani akamwambia kwamba atatafuta mtu wa kumsaidia siku mbili kwa wiki, ili naye alale.

"Na mimi nimechoka nawe," Kitinda akasema ghafla. "Ndicho nilichomwambia. Unanihesabia glasi za maji mbele ya wageni. Unaniitikia kwa sauti ya hospitali. Nina miaka ishirini na minne, dada."

"Nisipohesabu utakunywa?"

"Unaona? Unaona sasa?"

Mama Pacha alisimama, akaweka mfuko chini, akamjibu kwa sauti ya juu mbele ya mlinzi, mbele ya watu wanaosubiri basi, naye Kitinda akamjibu kwa sauti ya juu zaidi, hadi pumzi ikamwisha, akamshikilia dada yake bega asianguke. Hawakuwa wamegombana hivyo tangu mama yao alipokuwa hai. Waligombana mpaka basi likaja, wakapanda, wakaendelea.